Diski imetoka mgongoni: usubiri, uchomwe sindano au upasuliwe?

Mwaka mmoja nyumbani kwetu tulikuwa na wagonjwa wawili wa ugonjwa uleule. Mimi ni mwalimu. Niliinama kuokota rundo la madaftari sakafuni, nikasikia kitu kama waya wa moto kinashuka kutoka kiunoni, kinapita nyuma ya paja, hadi kwenye kidole cha mwisho cha mguu. Wifi yangu anapika chakula cha kuuza. Yeye alianza na mgongo ule wa kila siku ambao hakuna anayeujali, kisha ukamwingia mguuni. Mimi sikupasuliwa, yeye alipasuliwa. Naamini sote tulichagua sawasawa, ingawa watu hushangaa wakisikia kwamba aliyekuwa akilia usiku ni mimi.

Wengi wetu huchagua tiba ya diski kwa kuangalia maumivu yalivyo makali, au picha ya MRI, ile ya mashine ya sumaku inayoonyesha diski na mishipa, inavyotisha. Vyote viwili vinaweza kukupoteza. Ninavyoviamini mimi ni nguvu ya mguu, hali ya msamba na kibofu, na wiki ngapi zimepita. Ndivyo nitakavyotumia kulinganisha kila njia hapa chini.

Kwanza, kimetoka nini?

Tunasema "diski imeteleza" au "pingili imehama", na maneno hayo yanatufanya tutafute mtu wa kuirudisha mahali pake. Diski haitelezi. Kati ya pingili na pingili, kuanzia shingoni hadi kiunoni, tuna diski 23. Kila moja ina ukingo wa nyuzi ngumu zilizopangwa tabaka kwa tabaka, na katikati ina ute mzito. Ukingo ukichanika, ute ule husukumwa nje na kugusa mzizi wa mshipa wa fahamu unaokwenda mguuni. Mshipa unabanwa, na juu ya hapo unawashwa na kemikali za uvimbe. Ndiyo maana mgongo unaumwa lakini moto uko mguuni. Madaktari wawili wa Boston, William Mixter na Joseph Barr, ndio walioueleza uhusiano huo hadi ukakubalika, katika makala yao ya mwaka 1934.

Kwa upande wa kiuno, zaidi ya 9 kati ya kila diski 10 zinazotoka ni zile mbili za mwisho: kati ya pingili ya nne na ya tano, na kati ya ya tano na mfupa wa chini wa mgongo. Yangu ilikuwa ya mwisho kabisa, na ndiyo hupeleka ganzi kwenye kidole kidogo na ukingo wa nje wa unyayo. Ya wifi ilikuwa ile ya juu yake. Hiyo hupeleka ganzi juu ya unyayo na kidole gumba, na ikizidi inanyang'anya nguvu ya kuinua unyayo.

Kilichonipa moyo kuliko dawa yoyote ni kujua kwamba mwili wenyewe hukila kile kipande. Seli za kinga hukiona kama kitu kigeni, hukizunguka na kukimega polepole. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotoka mwaka 2015 ulionyesha kwamba vipande vilivyokatika kabisa na kutengana na diski vilipungua kwa wagonjwa 96 kati ya 100, ilhali diski zilizovimba tu, bila kuchanika, zilipungua kwa 13 kati ya 100. Rudia kusoma hapo. Ile inayoonekana mbaya zaidi kwenye picha ndiyo yenye nafasi kubwa ya kunywea. Daktari aliponieleza hivyo nilidhani ananibembeleza.

Wasio na la kuchagua

Kuna watu ambao ulinganisho huu hauwahusu. Ukipata ganzi kwenye msamba, yaani sehemu ile inayogusa tandiko ukipanda baiskeli, ukashindwa kukojoa, au mkojo au choo kikatoka bila wewe kujua, au miguu yote miwili ikalegea, nenda hospitali kubwa usiku huohuo. Fungu la mishipa ya fahamu mwishoni mwa uti wa mgongo limebanwa, na upasuaji unahesabiwa kwa saa, si kwa wiki. Kila siku inayopita inapunguza uwezekano wa kibofu kurudi. Haya husemwa kwa nadra kwa sababu watu wanaona aibu kutaja msamba mbele ya wakwe na watoto. Nakuomba usione aibu.

Mwingine ni yule ambaye mgongo wake unakuja na homa, jasho la usiku na kukonda. Huku kwetu TB ya uti wa mgongo bado ipo, na watu hutibiwa "diski" miezi mingi huku pingili zinaliwa. Kwa wafugaji na wanaokunywa maziwa yasiyochemshwa kuna pia brusela, inayoleta homa za kupanda na kushuka pamoja na maumivu ya mgongo. Mtu aliyewahi kuugua saratani, au mzee mwenye maumivu yasiyopoa hata akilala, naye apimwe mapema.

Kulala au kutembea

Baba mkwe aliniwekea godoro chini na kuniambia nisiinuke wiki mbili. Alifanya kwa upendo, na hata madaktari wa zamani waliagiza hivyo. Lakini Uholanzi walilijaribu jambo hili kwa wagonjwa 183 wa maumivu ya mguu yatokanayo na mgongo, matokeo yakatoka mwaka 1999: nusu walilazwa kitandani wiki mbili, nusu wakaambiwa waendelee na shughuli kadiri wawezavyo. Baada ya wiki 12, waliopata nafuu walikuwa 87 kati ya 100 katika kila kundi. Kulala hakukuwapa kitu, na misuli isiyofanya kazi hulegea haraka.

Siku mbili tatu za mwanzo, lala ukizidiwa. Mimi nilikuwa nikilala chali miguu imepandishwa juu ya kiti, magoti yamekunjwa, dakika kumi na tano, kisha naamka na kuzunguka nyumba. Kukaa ndiko kulikonitesa zaidi kuliko kusimama. Nilisahihisha mitihani nimesimama, karatasi nimeziweka juu ya kabati la vyombo.

Vidonge na sindano za dukani

Ibuprofeni na diklofenaki hupunguza maumivu kiasi, kwa siku chache, ukiwa umekula. Mwenye vidonda vya tumbo, presha, ugonjwa wa figo au moyo, na mama mjamzito, asizimeze kabla ya kumuuliza daktari. Tabia ya kwenda duka la dawa kila asubuhi kuchomwa diklofenaki kwenye tako naikataa waziwazi. Haina nguvu ya ajabu kuliko kidonge, na ikichomwa mahali pasipo inaweza kuumiza mshipa uleule wa mguu unaoutibu. Tramado, dawa kali ya maumivu, humlewesha mtu na inaweza kumfanya mtumwa wake. Kama daktari amekupa, uliza itaisha lini kabla hujaanza.

Pregabalini, dawa ya maumivu ya mishipa ya fahamu, nayo huandikwa sana kwa maumivu haya. Jaribio la Australia lililochapishwa mwaka 2017, kwa wagonjwa wapatao 200, halikuona tofauti na kidonge kisicho na dawa, isipokuwa kizunguzungu kwa walioitumia. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, sasa unasema isianzishwe kwa maumivu ya mguu yatokanayo na diski. Kama unaitumia tayari usiikate ghafla. Ipunguze na daktari wako.

Sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, inayopenyezwa karibu na mzizi wa mshipa, na mtaalamu anayeangalia kwenye mashine, ni kitu kingine kabisa. Hupunguza maumivu ya mguu kidogo, kwa wiki kadhaa. Haiondoi kipande, na wala haifuti haja ya upasuaji kwa mwenye udhaifu. Nionavyo mimi inamfaa mtu ambaye mguu una nguvu lakini hawezi kulala, ili apate upenyo wa kuanza mazoezi. Mwenye kisukari ajue sukari itapanda siku kadhaa.

Mazoezi, mikono ya bibi, mkanda

Mama mkwe alisema, "Mwanangu, huo ni mshipa umepanda. Ukandwe tu." Bibi jirani akaja na mafuta ya nazi na maji ya moto, akanikanda kiuno na tako. Sitamkosea heshima: joto lile lililegeza misuli iliyokaza, na usiku ule nililala. Kukandwa juujuu kwa mikono laini hakuna ubaya. Nilikataa alipotaka kunikanyaga mgongo na kunivuta mguu kwa nguvu. Kipande kilichotoka hakirudishwi kwa mikono ya mtu yeyote, na kwa mwenye mguu unaolegea mvuto wa namna hiyo ni hatari. Hata kule kuvutwa mgongo kwa vizito hospitalini, kulikopendwa zamani, hakujaonekana kuleta tofauti ya maana. Mkanda wa kiuno ni wa kupandia basi au kusimama foleni. Ukiuvaa kutwa kucha, misuli inaugeuza tegemeo.

Mazoezi na mtaalamu wa fiziotherapia ndiyo niliyowekea fedha yangu, na ningefanya hivyo tena. Kuna kanuni moja aliyoieneza Robin McKenzie, mtaalamu wa viungo wa New Zealand, na ningependa kila mgonjwa aijue: angalia maumivu yanahama kwenda wapi. Kama baada ya zoezi moto unatoka unyayoni, unapanda kwenye kigimbi, kisha kwenye tako, zoezi hilo ni lako, hata kama kiuno kinauma zaidi kuliko jana. Kama unashuka kuelekea vidoleni, acha zoezi hilo.

Langu lilikuwa kulala kifudifudi, viganja chini ya mabega, kuinua kifua huku nyonga zimebaki chini, mara kumi, kila baada ya saa mbili au tatu. Wiki ya kwanza niliweza kuinuka kwa viwiko tu. Wiki ya nne kidole kidogo kikaacha kuwaka. Niliamka asubuhi nikakitafuta kile kichomi kwa kukunja vidole, sikukipata. Kilikuwa kimebaki kwenye kigimbi. Kwa wengine kuinuka nyuma hivyo huongeza maumivu na kukunjika mbele huwapa nafuu, ndiyo sababu ya kumtaka mtaalamu akuone walau mara mbili tatu badala ya kuiga video.

MRI sasa au baadaye

Mimi nilikimbilia MRI wiki ya kwanza, nikalipa kutoka mfukoni, na haikubadilisha hata kidonge kimoja. Ingefaa fedha ile iende kwenye mazoezi. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2015, uliokusanya watu 3,110 wasio na maumivu yoyote ya mgongo, ulikuta diski zilizovimba kwa 30 kati ya 100 wenye umri wa miaka 20, na kwa 84 kati ya 100 wenye miaka 80. Ina maana ukipiga picha watu wazima wote wa mtaa wako wanaotembea vizuri, utapata ripoti nyingi za kutisha.

Picha ni ya lazima pale kunapokuwa na dalili za hatari nilizotaja, mguu unapopoteza nguvu, au wiki sita zimepita bila nafuu na upasuaji au sindano inazungumzwa. Hapo daktari hulinganisha: diski inayoonekana kwenye picha ndiyo inayolingana na mahali pa ganzi na udhaifu? Kama ganzi yako iko kidole kidogo na picha inalaumu diski ya juu zaidi, uliza maswali. Eksrei ya kawaida haionyeshi diski, inaonyesha mifupa.

Kusubiri au kupasuliwa

Uholanzi tena, mwaka 2007. Walichukua wagonjwa 283 wenye maumivu makali ya mguu yaliyodumu kati ya wiki 6 na 12. Nusu wakapangiwa upasuaji wa mapema, nusu wakaendelea na tiba ya kawaida, wakijua upasuaji upo wakishindwa. Waliopangiwa upasuaji walipona haraka: kwa kawaida wiki 4, dhidi ya wiki 12 za waliosubiri. Lakini mwaka ulipotimia, 95 kati ya 100 walikuwa wamepona katika makundi yote mawili. Na kati ya waliosubiri, 39 kati ya 100 waliishia kupasuliwa baadaye.

Soma namba hizo kwa maisha yako. Upasuaji hukununulia muda. Kwa dereva wa boda ambaye familia inakula kwa alichopata leo, miezi miwili ni mingi sana, na simlaumu akichagua kisu baada ya wiki sita au nane za kujaribu kwa bidii. Mimi nilikuwa na mshahara, mwalimu mkuu aliyekubali nisimame darasani muda mfupi, na mguu wenye nguvu. Nikasubiri. Wiki ya kumi na moja nilitembea hadi sokoni na kurudi bila kusimama njiani.

Ila hesabu hiyo ni ya wenye mguu wenye nguvu. Wifi hakuwa na maumivu mengi. Siku moja alitoka jikoni kuja sebuleni, nikamwambia, "Wifi, ndala yako imebaki kule." Akaangalia chini, akashangaa. "Sikuisikia ikitoka, wifi. Mguu huu siku hizi haunishiki." Tukamwambia atembee kwa visigino. Mguu wa kulia ulikubali. Wa kushoto ulipiga sakafu pwaa, kila hatua. Maumivu yake yalikuwa yamepungua wiki ile, na yeye alidhani anapona. Maumivu yakipungua huku udhaifu unaongezeka, mshipa unakufa, haujapona.

Alipata rufaa, akapigwa picha, akapasuliwa ndani ya siku chache. Tanzania upasuaji huu hufanyika katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, na Kenya katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, mbali na hospitali nyingine kubwa za rufaa; bila mtaalamu wa mishipa ya fahamu au wa uti wa mgongo, usikubali. Kwa diski ya kawaida iliyotoka, daktari hupasua sentimeta chache, husogeza misuli, hutoa kidirisha kidogo cha mfupa, kisha hutoa kile kipande kinachobana. Diski iliyobaki anaiacha. Wengi husimama siku ileile au kesho yake.

Muulize daktari swali hili: "Utatoa kipande tu, au utafunga vyuma? Kama ni vyuma, kwa nini?" Kufunga pingili kwa skrubu kuna sababu zake, kama pingili kuyumba, lakini diski iliyotoka mara ya kwanza kwa kawaida haihitaji. Ukiambiwa vyuma bila sababu unayoielewa, omba daktari wa pili aangalie picha.

Hatari zipo: maambukizi, kuchanika kwa utando unaofunika mishipa, kuumia mshipa, na diski ileile kutoka tena, jambo linalowapata kama 5 hadi 15 kati ya kila 100. Na elewa unachonunua. Upasuaji huondoa maumivu ya mguu vizuri kuliko ya mgongo. Ambaye mguu hauumi, hauna ganzi wala udhaifu, ila kiuno tu, mara nyingi hutoka chumba cha upasuaji na kiuno kilekile.

Kukagua kila asubuhi unaposubiri

Ukichagua kusubiri, usisubiri kwa kulala. Shika fremu ya mlango, simama kwa mguu mmoja, panda kwa ncha za vidole mara kumi, kisha mguu wa pili. Halafu tembea hatua kumi kwa visigino. Mume wangu aliandika kwenye kalenda ya ukutani: kushoto kumi, kulia saba, kushoto kumi, kulia nane. Namba zikipanda au zikisimama palepale, endelea. Zikishuka siku mbili mfululizo, au kisigino kikikataa, safari ya hospitali ni siku hiyo, hata kama maumivu yametulia. Na kila ukienda haja ndogo, angalia kama unasikia karatasi au maji yanapogusa msamba.

Wifi alirudi jikoni mwezi wa tatu. Unyayo unainuka sasa, si kama wa kulia, na juu ya kidole gumba ganzi imebaki. Daktari alimwambia huenda isiondoke kwa sababu mshipa ulikaa muda mrefu umebanwa kabla hatujaiona ile ndala. Sufuria la wali wanalibeba watu wawili. Ndoo ya lita ishirini ameigawa mara mbili, lita kumi kila safari, anaikumbatia karibu na tumbo na kukunja magoti badala ya kiuno. Ndala ameziacha, anavaa viatu vya kufunga nyuma.